Sungura Asiyeitikia Salamu

Saa kumi na dakika tano za jioni, siku ya Idi Mosi, mtoto wa kwanza alinitolea salamu na mimi sikuitikia. Saa naijua kwa sababu niliitazama kabla tu ya kuvaa kile kichwa. Ukishakivaa, hata mikono yako mwenyewe huioni vizuri. Alikuwa mtoto wa miaka kama saba, kanzu yake mpya bado ina mistari ya kukunjwa dukani, mkononi ana barafu ya ubuyu. Alisimama mbele yangu akasema, "Assalaam alaykum." Akangoja. Mimi, ndani ya vazi la sungura mweupe, nikampungia mkono kama nilivyojipangia. Akangoja tena. Kisha akarudi kinyumenyume, bila ya kunipa mgongo, mpaka akazama katikati ya wenzake, na nikaona vichwa vyao vikiinamiana.

Mimi ni fundi wa mafriji hapa Mtambile. Kazi nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua na kufunga, na kwa kusoma vile vijitabu vya maelekezo ambavyo watu huvitupa pamoja na maboksi. Jirani yangu mwenye duka la vyombo hukodi kiwanja kila sikukuu, akaweka mabembea na jenereta na muziki wa watoto. Mwaka juzi aliagiza kutoka Dar es Salaam vazi la sungura la mtumba, la ukubwa wa mtu mzima, watoto wapige naye picha. Alitaka alivae yeyote atakayekubali. Nilimwambia ataliharibu jambo lenyewe. Nilikuwa nimesoma kwenye simu namna wanavyofanya katika nchi zenye viwanja vikubwa vya watoto, nikayaandika masharti manne nyuma ya boksi la feni. Sungura asiseme. Asivue kichwa palipo na mtoto. Asionekane akiingia wala akitoka. Na vazi lisionekane tupu hata mara moja, limelala mahali kama nguo.

Jirani aliyasoma yote manne akacheka. "Yakhe, sungura umemwandikia katiba," akaniambia. "Basi mvae wewe mwenyewe." Tukakubaliana ujira wa siku nne.

Sikulivaa kwa ajili ya ujira. Nina binti, kitinda mimba, wakati ule ana miaka sita. Tangu watoto wakubwa wa chuo cha Kurani walipomsimulia habari za wale wanaotembea kwenye mikarafuu, wenye miguu ya kwato, alikuwa haendi choo cha nje peke yake, hata mchana. Alimshika mama yake kanga, akamfuata jikoni, akamfuata kisimani. Uso wake ulikuwa umeanza kuwa wa mtu mzima, wa mtu anayesikiliza kitu nyuma yake. Lakini jirani alipomwonyesha picha ya sungura kwenye simu, alicheka, akauliza kama atakuja kwa boti au kwa ndege, na wiki mbili nzima hakuwa na habari nyengine. Nilitaka awe na kiumbe mmoja asiyejulikana ambaye si wa kumwogopa. Ndiyo maana niliyaandika yale masharti. Salamu sikuifikiria. Waliotunga taratibu zile hawakuwa na haja ya kuifikiria, na mimi niliyenakili nilisahau ninanakili kwa watu gani.

Ndani ya kichwa kile unaona kwa kupitia wavu mweusi ulioshonwa mdomoni. Kuna harufu ya sponji na ya jasho la mtu aliyekivaa kabla yako. Pumzi zinarudi masikioni kama za mtu aliyesimama nyuma yako karibu sana. Kufika saa kumi na moja watoto walikuwa hawaji tena kwa picha. Walikuja wawili wawili, wakatoa salamu, wakahesabu kimya kimya kungojea jibu, wakakimbia. Kila mara niliitikia kwa midomo, bila ya sauti. Mmoja alilala kifudifudi kwenye mchanga kunitazama miguu.

"Hana kwato," akawatangazia wenzake.

"Kavaa viatu vya manyoya, utajuaje?" mwengine akamjibu.

Binti yangu alisimama kwenye nguzo ya bembea na gauni lake la manjano, hakusogea. Nilimpungia mkono. Akajificha nyuma ya nguzo.

Baada ya Magharibi, nyumbani, aliniuliza, "Baba, asiyeitikia salamu ni nani?"

Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kwamba salamu huitikiwa, hata na aliyekasirika, hata na mgonjwa. Jibu la swali lake kila mtoto wa chuoni analijua: ni yule asiyetaka amani. Nikamwambia labda kaitikia moyoni.

"Moyoni tutajuaje?"

Akaenda kukaa karibu na mama yake, na jioni ile hata barazani alikataa kutoka. Ningeweza kumwambia kwamba sungura alikuwa baba yake. Nililipima jambo hilo kwa muda mrefu. Nikimwambia, hofu ya sungura itaondoka. Lakini atajua pia kwamba kile kilichomfurahisha wiki mbili kilikuwa mtu anayetoka jasho, na akiniuliza wale wa kwenye mikarafuu je, ndani yao yuko nani, nitamwambia nini?

Idi Pili niliongeza sharti la tano kwenye boksi. Bubu huitikia kwa ishara. Basi sungura ataweka mkono wa kulia kifuani na kuinamisha kichwa. Mtoto wa kwanza alipotoa salamu nikafanya hivyo, taratibu. Akanitazama, akageuka kwa wenzake.

"Kumbe bubu."

"Bubu wa wapi?"

"Wa Dar."

Wakacheka, na kiwanja kikarudi kuwa kiwanja. Watu walikuwa wengi tangu saa nane, nikakosa sala ya jamaa ya Alasiri. Saa kumi na nusu nilipata nafasi, nikaingia kwenye kibanda cha makuti nyuma ya jenereta, nikafunga mlango kwa kamba. Nilivua vazi lote. Kichwa nilikiweka juu ya kigoda upande wangu wa kushoto, nikakifunika kanga ya mke wangu niliyokuja nayo ya kufutia jasho, kwa kuwa sipendi kusali huku nikitazamwa na macho ya picha. Masikio yalibaki yamesimama chini ya kitambaa. Nikatia udhu kwa maji ya chupa, nikasali peke yangu, nikavaa, nikatoka. Yote hayo hayakuzidi dakika kumi na tano.

Jioni ile, nyumbani, binti yangu alikuja kwangu mbio.

"Baba, yule sungura si bubu. Nimemsikia."

Nikamuuliza wapi. Akasema nyuma ya jenereta. Kulikuwa na tundu kwenye makuti, akachungulia. Nikadhani kishaona kila kitu. Lakini alichoona ni sungura kakaa kitako, kajitanda kanga, anasali. Aliogopa kutoa salamu kwa sababu anayesali hasumbuliwi. Akangoja. Mwisho akasikia salamu inatolewa, ya kulia na ya kushoto, kama sisi.

Nikapumua. Sauti ile ilikuwa yangu, nikimaliza sala. Nilimwona mwanangu anavyong'ara, nikajisemea jambo limejitengeneza lenyewe vizuri kuliko masharti yangu yote.

"Na yule mwengine akamwitikia," akaongeza.

"Mwengine yupi?"

"Kulikuwa na sauti mbili, baba. Kubwa ikatoa salamu, na ndogo ikaitikia. Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh." Aliisema yote, polepole, neno baada ya neno. "Sungura ndiye mwenye ndogo. Ile kubwa ilikuwa kama yako. Kwani mlikuwa mnasali pamoja?"

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Mikono yake ilisimama.

"Nilikuwa nasali," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

Akaridhika. Akachukua tochi, akatoka kwenda choo cha nje, bila ya kumwita mtu. Nilimsikia akisimama mlangoni, akalitolea giza salamu kama unavyowatolea watu wa nyumba usiyoijua. Akangoja. Kisha nikasikia mlango wa choo. Alirudi akitembea, si mbio.

Asubuhi ya Idi Tatu, kabla ya watu kufika, nilikwenda kibandani na futi ya chuma. Tundu nililipata: sentimita tisini kutoka ardhini, na upana wake hauzidi vidole viwili. Nikapiga magoti nje, nikaweka jicho. Unaona kigoda peke yake. Mahali nilipotandika msala hapaonekani, hata ukijilaza. Hilo lilikuwa limethibitika. Kisha nikamuuliza mwangalizi wa jenereta kama kuna mtu aliyepita nyuma saa kumi na nusu. Akasema hakuna aliyepita ila mtoto mmoja mwenye gauni la manjano, na kwamba jenereta yenyewe alikuwa kaizima wakati ule kutia mafuta. Kwa hiyo palikuwa kimya. Aliyeweza kuitikia karibu na pale sikumpata.

Mke wangu alinikuta naandika vipimo. "Mtoto wa miaka sita, mwenzangu, unampimia kwa futi?" akaniambia. Alisema watoto hutia chumvi, na kwamba mwana kishaacha kuogopa, ninataka nini tena? Akaniomba nisimuulize tena. Sikumuuliza.

Siku mbili zilizobaki nilisali msikitini. Vazi nililivaa kama kawaida, kwa sababu nilikuwa nimeahidi, lakini kitu kimoja kilibadilika. Kila mtoto alipotoa salamu niliweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa, na badala ya kuitikia kwa midomo nikajikuta nimenyamaza kabisa, nasikiliza. Nilisikia jenereta. Nilisikia pumzi, nikazizuia kuhakikisha ni zangu, nazo zikasimama. Binti yangu alikuja Idi Nne, peke yake, akapita mbele ya watoto wote, akanishika mkono wa manyoya. Hakutoa salamu. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Sitomwambia mtu," akaenda zake.

Sikukuu ilipokwisha jirani alitaka kukitundika kile kichwa juu ya mlango wa duka lake, kivute wateja. Binti yangu hupita hapo kila siku. Angekiona kinaning'inia, kitupu, upepo unaingia shingoni. Nilimwambia jirani anipe kichwa, ujira abaki nao.

"Kwa sponji?" akasema. "Yakhe, joto lile limekuingia."

Nilikichukua ndani ya gunia wakati watoto wako chuoni, nikakitia ndani ya friza bovu lililo nyuma ya karakana yangu, nikakifunika na kanga ileile, nikafunga mfuniko, nikapanga juu yake mota za feni. Hakuna aliyeniona. Mke wangu anadhani nilikichoma.

Sasa binti yangu ana miaka minane na kila asubuhi akienda skuli hupitia karakana. Anatoa salamu mlangoni, naitikia. Kisha anageukia kule nyuma, penye friza, anatoa salamu ya pili, anangoja kiasi cha muda wa mtu kuitikiwa, anatikisa kichwa kidogo kama aliyepata jibu lake, anaondoka. Sijamwambia kilichomo. Haogopi kitu chochote, wala mikarafuu wala giza. Mimi ndiye ninayefunga karakana kabla ya Magharibi.

Mwezi uliopita alikuja mtu kutoka Mgogoni anayetaka kuuza barafu. Alilizunguka lile friza, akaligonga ubavuni, akasema kompresa yake inatengenezeka, akaweka mezani laki mbili na nusu taslimu. Nikamwambia haliuzwi. "Friza bovu lina nini, fundi?" akaniuliza, na alikuwa bado kaweka mkono juu ya mfuniko. Nikamwomba autoe. Ukijumlisha na ujira wa siku nne nilioacha, elfu themanini, mpaka leo nimepoteza shilingi laki tatu na elfu thelathini.