Piko na Maini ya Panya

Mtu akisikia neno maabara hufikiria koti jeupe na vioo vinavyong'aa. Maabara yetu ya Kilifi, miaka ile ya themanini, ilinuka maini ya panya, na aliyeyasaga ni mimi. Kila tulipoishiwa nilikaa na beseni la barafu, nikayakatakata kwa mkasi, nikayatia mashineni mpaka yakawa uji mwekundu wenye povu. Jioni nilioga mara mbili na bado nikala kwa kijiko, maana mkono wangu mwenyewe ulinitia kinyaa. Na umeme ukikatika, barafu ya friji ikayeyuka na maini yamo ndani, afadhali nisieleze.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima kemikali, kujua kama zaweza kuharibu urithi wa kiumbe, yale maagizo anayozaliwa nayo. Tulizipimia kwa bakteria, jamaa wa wale waletao homa ya matumbo. Bakteria hao walikuwa na kilema: hawakuweza kujitengenezea kirutubisho kimoja, na sisi kwenye visahani vyetu tuliwanyima makusudi. Basi walikaa tu, hawazaani. Lakini kemikali ikivuruga urithi wao, baadhi hugeuka, kilema kikawatoka, wakazaana, na kila mmoja akafanya doa jeupe. Madoa machache hutokea hata pasipo kemikali. Yakiwa mengi, kitu hicho si cha kuchezea. Maini tuliyachanganya humo kwa sababu viko vitu visivyo na neno mpaka vipitie kwenye ini.

Shangazi yangu, aliyenilea Malindi baada ya mama kufariki, alikuwa mpakaji wa maharusi. Alipaka hina, na juu ya hina alichora piko. Piko yake ilikuwa unga wa kupaka nywele rangi, wa dukani, aliokoroga kwenye kikombe cha kahawa hadi ukawa mweusi ti. Alichorea kijiti cha chelewa, ule uti wa ukuti wa mnazi. Ncha ikivimba, alikitia mdomoni, akakinyonya, akakichonga kwa meno, kisha akarudi kwenye ua lake mguuni mwa bibi harusi. Ulimi wake ulikuwa mweusi mwaka mzima. Wanawake walikuja hata kutoka mtaa wa Muyeye kumfuata, wakisifu mistari yake myembamba, nami nilikuwa nikikaa pembeni nikiwaza kwamba wembamba ule ni mate tu, mate ya mtu mzima yanayokauka kwenye ngozi ya mwali. Nilimpenda sana shangazi, lakini akifanya kazi sikuweza kumtazama.

Kwa hiyo nilipochota unga wake kidogo nikaupeleka Kilifi, sikuwa na nia njema peke yake. Nilitaka kupata sababu ya kumkomesha. Baada ya siku mbili nilifungua kabati la joto tulimokuzia bakteria. Kisahani cha maji matupu kilikuwa na madoa ya kuhesabika. Cha piko na maini kilikuwa kimetapakaa madoa kama mgongo wenye harara.

Mtafiti aliyenifundisha kazi alikiinua kwenye mwanga. "Bakteria si mtu," akasema. "Hili ni onyo, si hukumu. Lakini mimi piko hii nisingeitia mdomoni."

Nikafanya jambo ambalo lingenifukuzisha kazi. Nilivifunga visahani vyote viwili kwa utepe, nikavitia kwenye mkebe wa biskuti, nikapanda basi la Malindi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wanletea biskuti?"

Nilipofunua alirudi nyuma, akajiziba pua kwa ncha ya leso. "Toa uchafu wako! Nyumba hii yaswaliwa."

Nikamweleza. Alisikiliza, kisha akanyoosha kidole cheusi. "Piko yangu ni ipi? Hii yenye mengi?" Akacheka. "Basi mbona wameota? Sumu huua, mwanangu. Hii yaotesha. Wadudu wako wameshiba, wamenawiri, nawe waja kunitisha!"

"Kuota kwao ndiko kubaya, shangazi. Wameota kwa kuwa wamegeuzwa."

"Wamegeuzwa na nini?"

"Na piko. Iliingia ndani yao, ikabadilisha walivyoumbwa."

Hapo hakucheka tena. Alikitazama kisahani, kisha akanitazama tumboni, mimi niliyekuwa nimeshaposwa. Akaniamuru nikavichome, na nisimwambie mtu.

Harusi yangu ilipofika alinipaka hina mikono na miguu, akaishia hapo, bila piko. Mashoga zangu walishangaa: bibi harusi wa nyumba ya piko hana hata nukta nyeusi! "Ngozi yake haitaki piko," akawajibu. Nikaelewa kwamba aliniamini. Alikuwa ameamini kila neno.

Kando yangu mkekani alikaa binti wa jirani, naye alikuwa anaolewa wiki ile ile. Shangazi akakoroga kikombe. Akatoa kijiti kipya, na wembe wa kukichongea. Mdomoni hakukitia. Tangu utotoni nilitaka atumie wembe badala ya meno, na sasa wembe ule ulinichefua kuliko ulimi mweusi, kuliko maini ya panya yaliyooza. Amejiokoa yeye, ameniokoa mimi, na kikombe bado kimejaa.

Binti akaiangalia miguu yangu, akaniuliza, "Dada, kwani piko inakufanya nini?"

Kijiti cha shangazi kilisimama hewani. Nilijua la kusema. Nilijua pia kwamba likinitoka, hakuna bibi harusi atakayekuja tena kwenye nyumba ile.

"Huniwasha kidogo tu," nikasema.

Binti akapandisha gauni, akanyoosha mguu.