Jinsi msanii mmoja wa Bukavu alivyomrudisha Papa kwa miraba

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina siasa wala ubishi. Nina shukrani tu, imenikaa kifuani miaka mingi, na yote nitakayoandika yalitokea nyumbani kwetu Bukavu, wakati wa vita ya pili ya Kongo.

Papa, yaani baba yangu, alikuwa mtu wa ofisi. Alitumwa Kamanyola kikazi, mapigano yakamkuta huko. Hakurudi, na mwili hatukuupata.

Nyumba nayo ilishaporwa kabla ya hapo. Walibeba mpaka albamu za picha. Mwizi wa godoro namwelewa, wa albamu mpaka leo simwelewi.

Sasa kwetu msiba hauishi wenyewe. Kuna siku ya kuondoa matanga: misa, chakula, mjane anavua nguo nyeusi, na picha ya marehemu inakaa mbele ya watu.

Maman akakataa katakata. Hana kaburi, hana picha, anamuaga nani? Akabaki na nguo zake nyeusi, anazidi kukonda, sisi watoto tunaogopa tutamzika naye.

Ndipo dada yangu akamleta Nabintu, binti jirani aliyesomea uchoraji. Mtaani walimwona kachanganyikiwa kidogo. Anachora juu ya mashitingi, yale maturubai ya wakimbizi, anabandika waya za redio mbovu kwenye rangi, halafu anashinda cyber akichezea programu ya kuchorea.

Tulikuwa na kitu kimoja tu: picha ya pamoja ya ofisi, tuliyopewa na mwenzake Papa wa kazini. Papa yuko mstari wa nyuma, kichwa kama punje ya haragwe.

Nabintu akachora kwa kukisia. Mzee kapendeza, mashavu laini. Maman akaiangalia sana.

"Huyu iko muzuri. Lakini haiko bwana yangu."

Nabintu hakubisha. Akasema, "Maman, tuende wote ku cyber. Utanionyesha."

Maman hakuwahi kukaa mbele ya kompyuta. Akaenda na rozari mkononi kama anaenda kwa daktari. Picha ikapigwa scan, Nabintu akaanza ku-zoom kichwa cha Papa. Kikakua, kikakua, mara kikawa miraba mitupu ya kahawia na nyeusi.

"Umemuvunja," Maman akasema.

"Bado iko, Maman. Angalia." Akaipunguza, Papa akatokea. Akaikuza, akapotea.

Maman akaomba arudie. Tena na tena, mpaka mwenye cyber akaanza kutukazia macho, maana jenereta inakunywa mafuta. Mwishowe Maman akamshika Nabintu mkono.

"Muchore vile vile, na ile ma carreaux yake. Mimi pia, nikimuwaza karibu karibu anapotea. Nikimuachilia kidogo, anakuya."

Carreaux ni vigae, kwa wasiojua.

Siku ya matanga picha ikasimama sebuleni, kubwa kama mlango, nusu rangi, nusu vipande vya shitingi. Tonton, mdogo wake Papa, akaja juu.

"Huyu mutoto alichora mutu ao alipanga carreaux za douche?"

Watu wakacheka. Aibu ikanishika, maana mimi niliyekaa mbele niliona vigae vya bafu tu.

Walioacha kucheka kwanza ni wamama waliokuwa mbali, uani kwenye masufuria. Mmoja akasema taratibu, "Papa Bahati njo ule." Yaani, baba Bahati ndiye yule. Bahati ni mimi.

Tonton akatoka kwenda kumbishia. Akageuka, akatazama kupitia mlango uliokuwa wazi. Nilipomfuata nilimkuta kasimama katikati ya masufuria, kofia mkononi, anamsalimia kaka yake kwa Kimashi, lugha ya kwao.

Maman naye akatoka. Alimwangalia mumewe kutoka uani kwa muda wake, akalia, kisha akaingia chumbani. Alirudi amevaa kitenge cha kijani, akala bugali na sambaza, vile vidagaa vya Ziwa Kivu, mpaka akaomba kuongezwa. Sijawahi kufurahi vile kumwona mtu anakula.

Siku hizi Nabintu anafanya sanaa yake ya rangi, video na kompyuta katika miji ya mbali, na wasomi wanaiandikia mambo marefu ambayo mengine siyaelewi. Nilichojifunza mimi ni kidogo: alipoambiwa amekosea, hakuitetea kazi yake, alimpa mjane kiti mbele ya kompyuta. Asante, dada yangu, popote ulipo. Ulitubakizia Maman.

Na nyinyi wakuu, mliopoteza picha za watu wenu vitani, sura zao mnazishikaje? Andikeni bila haraka. Maman yuko hapa pembeni yangu, amesema nimsomee moja moja.