Uzi Mwekundu wa Twaiba

Twaiba ni jirani yangu hapa Msambweni, na maneno yake nayavumilia kwa sababu ya mikono yake. Tangu usichana alipika rangi za ukindu wa mikeka. Baadaye akaingia kwenye pamba: anaisokota mwenyewe, anaupika uzi kwa magome ya mkoko hadi uive uwe mwekundu, kisha anafuma kofia za watoto. Mimi nilizipenda mno.

Bi Hanifa akamnunulia mjukuu wake Swabir kofia moja, aivae siku ya arubaini yake. Jua likawaka, mtoto akatoka jasho, rangi ikamshuka hadi kidevuni mbele ya wageni. Bi Hanifa hakugomba. Alisimulia tu, kila arusi na kila matanga, na kwa miezi hakuna mama aliyeagiza kofia. Twaiba akaniambia kwamba uzi unaofuata ukichuja, anarudi kwenye mikeka na hafumi tena. Niliumia, maana alikuwa hatanii.

Nikaenda kumsaidia kufua uzi huo. Tukausuuza uzi mpaka maji yakatoka safi, nikaanza kushangilia. Yeye akakata kamba iliyofunga kitita, na pale chini ya kamba wekundu ukachuruzika. Akacheka hata akakaa chini. Alikuwa ameufunga uzi kama tufungavyo ukindu, kukaza kabisa usitawanyike. Ukindu hauna neno, lakini pamba hunywa rangi, na palipobanwa maji ya kusuuzia hayafiki. Sisi ni wasukaji mikeka mtaa mzima, na hakuna aliyeliona hilo!

Tukafunga upya, kamba ikilegea kidole kipite. Tukaufua kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tukaukamua kwa viganja bila kuupopotoa, tukausuuza tena na tena. Mwisho Twaiba akaupigapiga kwenye nguzo ya baraza ujinyooshe, kuku wakatawanyika, akauanika kivulini.

Ulipokauka akamwita Bi Hanifa, naye akaja na Swabir mkononi. Twaiba akamwamkia shikamoo, akaulowesha uzi, akaomba aukamulie kwenye mtandio wake mweupe. Bi Hanifa akautoa shingo upande. Twaiba akaukamulia uzi, mtandio ukabaki mweupe.

“Mtandio hautoki jasho,” Bi Hanifa akasema.

Swabir, ambaye siku hizi hukamata kila kitu, akaunyakua uzi akautia kinywani, akaunyonya kwa raha zake. Twaiba akafumba macho. Bi Hanifa akauvuta polepole, akambanua mtoto midomo, akachungulia ulimi, ufizi, mpaka kooni. Hakuona wekundu popote.

“Twaiba mwanangu,” akasema hatimaye, “mfumie kofia nyingine. Na nikatie kipande cha uzi huu. Kila niliyemsimulia nitamfuata kwake, aunyonye mwenyewe.”

Twaiba akalia kwa furaha, nami nikalia naye, kisha nikaenda kutafuta mkasi.