Kitabu Kilichobaki kwa Kimya

Fundi cherehani alikuwa akipachika mkono wa gauni simu ilipoita. Mke wa kaka yake alikuwa akilia. "Wifi, kaka yako ametutoka. Ameanguka mezani, hata chai hajamaliza." Sindano ilimchoma kidole, wala hakuisikia.

Marehemu alikuwa mkutubi wa chuo. Walimwita Kimya, maana aliwanyamazisha wanafunzi ilhali mdomo wake mwenyewe haukufungika. Kazi yake ilikuwa kununua vitabu vya kusomwa kwenye kompyuta, na dada yake hakuacha kumchokoza: "Hakina karatasi, hakina jalada! Kaka, umeuziwa upepo."

"Upepo huo una foleni, mdogo wangu," angejibu. Vingine viliuzwa kwa ruhusa ya msomaji mmoja tu. Mmoja akikiazima, wengine wote wanangoja.

Kesho yake asubuhi alikuja msibani mama mmoja aliyefanya kazi na Kimya maktabani. Alitoa pole, akazungusha maneno weee, mwisho akayatema.

"Dada, nisamehe. Kimya aliazima kitabu cha ukunga kwenye tableti yake, akague michoro. Kisiporudishwa humo, kitabaki kwake siku tano zaidi, na wanafunzi wana mtihani keshokutwa."

Wifi aliileta tableti. Pembeni mwa mchoro wa mtoto tumboni, Kimya alikuwa ameandika: *Hapa hapaonekani vizuri. Mkunga atakosea. Waambie walete mchoro mwingine.*

Fundi aliyagusa kwa kidole. Maneno ya mwisho ya kaka yake.

"Nikikirudisha, haya yatabaki?"

"Hapana, dada. Yatafutika."

"Wanaongoja ni wangapi?"

"Ishirini na saba. Watapokezana saa moja moja."

Fundi aliyasoma tena kwa sauti, polepole, mgeni akayanakili kwenye karatasi. Kisha fundi akamtaja Mungu, akabonyeza *Rudisha*. Ukurasa ukatoweka.

Mgeni alitazama simu yake. "Kimeshachukuliwa."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi hivi."

Fundi aliiweka tableti mapajani. Mahali fulani mtu asiyemjua alikuwa akisoma jinsi ya kumpokea mtoto ambaye bado hajazaliwa. Miaka yote kaka yake aliwafungulia vitabu watu kama hao, na wengi wao hawakuwahi kumwona sura.

"Ee Mungu, wewe ni mkubwa," alinong'ona.

Walimzika alasiri ile, karibu na baba yao. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ulinata kwenye majembe. Sala ilisomwa, wenzake wa maktaba wakasaidia kushusha jeneza. Fundi alitupa konzi moja ya udongo kaburini, akamshika wifi yake mkono, wakaondoka.