Mbegu Ambayo Hatukuiweka

Tulikuwa tumeshawaambia watu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hesabu zenyewe.

Mradi wetu ulikuwa mdogo: chumba kimoja Nachingwea, daktari kutoka Dar aliyeuongoza, kijana mwenzangu wa takwimu, na mimi. Tulichunguza dawa ya malaria kwa watoto waliodhoofu kwa utapiamlo. Damu ilichukuliwa Nambilanje, upande wa Ruangwa, na akina mama walikubali shingo upande. Nani anapenda kumwona mtoto aliyebaki mbavu tu akichomwa sindano tena na tena, ili mtu apime dawa iliyobaki mwilini?

Watoto wenyewe walikuwa wachache. Kwa hiyo, kama ilivyo desturi ya kazi hii, vipimo vyao viliingizwa kwenye kompyuta, nayo ikatunga watoto wengine wengi wa kufikirika, huyu mzito kidogo, yule mwili wake unaondoa dawa haraka, ili tuone dozi itawatosha wangapi. Kompyuta huwatunga kwa bahati nasibu, lakini bahati hiyo huanzia kwenye namba tunayoiita mbegu. Ukiweka mbegu ileile, utapata watoto walewale. Usipoiweka, kompyuta hujichagulia yake, na kesho watoto ni wengine.

Mwenzangu ndiye aliyeendesha hesabu. Jibu likatoka: dozi ya kawaida haiwatoshi watoto waliodhoofu, ikiongezwa kidogo inawatosha. Makala ikapelekwa kwenye jarida, na kabla haijakubaliwa tulikwenda Nambilanje kuwapa wazazi mrejesho. Mama mmoja, wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa, alisimama na mwanawe mgongoni.

“Kwa hiyo si mimi niliyekosea kumpa,” alisema. “Homa inarudi kwa sababu vidonge havitoshi.”

“Hukukosea, mama,” daktari alimjibu.

Akaketi, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Tulirudi Nachingwea tukijiona tumefanya jambo.

Baadaye mwenzangu alipata masomo nje ya nchi, akaondoka. Ndipo jarida lilipotuandikia: wahakiki wameendesha hesabu zetu na wamepata jibu jingine. Nikaendesha mwenyewe. Likaja jingine. Nikarudia, likakaribia lile la kwanza. Nikarudia tena, likaja kinyume chake. Nikampigia simu.

“Uliweka mbegu gani?”

“Mbegu? Sikuweka, dada. Niliiacha ikimbie yenyewe. Jibu lilipotoka, nikahifadhi jibu.”

Nilimweleza daktari. Alikaa kwenye kiti cha yule kijana, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Huwezi kutafuta mbegu itakayoturudishia jibu letu?”

“Naweza. Nimeshaipata mojawapo.”

Aliinua uso haraka.

“Lakini hapo nitakuwa nimelichagua jibu,” nikasema. “Sikulipata.”

Alifumba macho. Sikumwona kuwa mtu mwovu. Nilimwona mtu aliyechoka, kama mimi. “Basi ongeza watoto,” akasema.

Watoto wa kompyuta hawahitaji ruhusa ya mama zao. Niliwaongeza mpaka jibu likaacha kuyumba, niweke mbegu yoyote. Likatulia mahali pabaya: dozi kubwa huenda inasaidia, huenda haisaidii, na damu tuliyonayo ni ya watoto wachache mno kutuambia. Walihitajika watoto wa kweli zaidi. Wafadhili wakajibu kwa adabu kwamba muda wa mradi umekwisha. Daktari akaiondoa makala, akarudi Dar.

Nilikwenda Nambilanje peke yangu, kwa bodaboda. Yule mama nilimkuta nyumbani, mifugo iko malishoni. “Mwangaluka,” nilimwamkia kwa lugha yao, kama alivyonifundisha mwenyewe. Alicheka, akanitolea kigoda, kisha akaingia ndani na kutoka na mfuko wa vidonge.

“Nanunua duka la dawa,” alisema. “Akipata homa nampa mara mbili. Si mlisema havitoshi?”

Niliweka mkono juu ya ule mfuko.

“Usimpe mara mbili, mama. Kiasi hicho hata sisi hatukukipima. Unaweza kumdhuru.”

“Nimpe vingapi, basi?”

“Kama anavyokuandikia mganga wa zahanati.”

“Vilevile mlivyosema havitoshi?”

“Tulidhani hivyo. Sasa hatujui.”

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja. “Damu ya mwanangu mlichukua.”

“Tulichukua.”

“Na hamjui.”

“Hatujui, mama.”

Alimvuta mtoto aliyekuwa amejilaza kwenye mkeka, akaunyoosha mkono wake mwembamba mbele yangu. “Chukueni tena.”

Nilimwambia mradi umefungwa. Aliendelea kuushika mkono ule kwa muda, kana kwamba hajanisikia, kisha akauachia. Nilimsihi tufuatane zahanati, akakubali. Mganga alimpima mtoto, akamwonya mama kuhusu vidonge, akamwandikia dozi ya kawaida. Mama aliikunja karatasi pasipo kuisoma.

Ningemwambia nini zaidi? Kwamba jibu la sasa ndilo la kweli, kwa kuwa linarudi lilelile kila nikiliita?

Nilipopita tena kijijini boma lao lilikuwa tupu. Jirani, mkulima wa ufuta, aliniambia walihamisha ng’ombe kuelekea Kilimarondo. Nikamuuliza habari za mtoto.

“Aliondoka amebebwa,” alisema. “Homa ilikuwa imerudi.”