Siku Tatu za Kuatamia

Kuku wetu alikufa asubuhi ya Alhamisi, mwezi wa Julai, akiwa juu ya mayai yake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo pekee tuliloafikiana sote. Kilichomuua tulikibishania mpaka tukachoka, na hata leo sikijui.

Tulikaa Kileleshwa, katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Wazungu ambao baba aliwapikia. Miaka ile ya hamsini na kitu Kileleshwa ilikuwa nyua za michongoma, bustani pana na mbwa wasiopenda wapita njia. Memsahib, bibi wa nyumba kubwa, alimruhusu mama kuja kukaa na baba, jambo ambalo wapishi wengi hawakulipata, na mimi nikaja naye nikiwa na miaka minane. Kuku alitufuata mwaka uliofuata. Nyanya, mama yake baba, alimtia kikapuni, akampa jamaa aliyekuwa akipanda treni kuja Nairobi, pamoja na maneno haya: "Mpe mke wa mwanangu. Apate cha kushika mikononi."

Maana ya maneno hayo niliipata nikiwa mkubwa. Miezi michache kabla ya hapo mama alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mtoto alinyonya siku sita, ya saba hakuamka. Hospitalini walimtazama, wakasema hawaoni kitu. Mama hakulia mbele yangu, ila aliacha kuimba akifua nguo, na mara kwa mara nilimkuta amekaa kizingitini akiitazama mikono yake, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua.

Kuku mwenyewe alikuwa mwekundu, na doa jeupe kwenye bawa la kushoto. Memsahib alitoa masharti: kuku mmoja, asiingie kwenye maua, na asiwe jogoo, kwa sababu bwana alipenda kulala asubuhi ya Jumapili. Jogoo hatukumhitaji. Wa nyumba ya pili alipita kwenye tundu la ua kila asubuhi kama mtu anayekwenda kazini, na kabla ya saa tatu alikuwa amerudi kwao.

Mama hakula kuku wala yai. Kwetu magharibi, wakati ule, mwanamke hakula. Kuku alikuwa wa wanaume na wageni, na firigisi ilikuwa ya mwenye nyumba. Mwanamke alifuga, akapika, akapakua, kisha akala mboga. Nilipomuuliza kama haimuumi alisema, "Ningekuwa nawala, ningewatazama kwa macho mengine."

Kuku alipoanza kuatamia mayai tisa, nilichora mstari wa makaa ukutani kila asubuhi, maana mama aliniambia vifaranga watatoka siku ya ishirini na moja. Alhamisi ile nilikuwa nimechora wa kumi na nane. Mama alitangulia na mahindi na maji kwenye kifuniko cha sufuria. Kuku hakugeuka. Jicho moja lilikuwa nusu wazi na mdomo ulikuwa umezama kwenye nyasi kavu. Mama alimgusa, kisha akaingiza mkono chini yake. Mayai bado yalikuwa na joto.

"Jana jioni alikula," alisema. "Alikula, akanywa, akanidonoa."

Alilirudia hilo mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Wa kwanza kuja alikuwa mtunza bustani, kijana wa Ukambani asiye na mke, aliyemwita mama shemeji na aliyekuwa na njaa saa zote. Aliegemea jembe lake.

"Huyo ni nyoka," akasema.

Tulitafuta alama ya meno, hatukuiona.

"Basi ni kijicho. Kuna mtu asiye na kuku amemtazama."

"Asiye na kuku hapa ni wewe," mama alimwambia.

"Mimi nasema tu, shemeji." Aliinama akambonyeza kuku kifuani. "Na hata hivyo, kuku aliyekufa bila ugonjwa ni kama Mungu amemchinja mwenyewe. Nipe nikamchome."

"Mungu akichinja, damu iko wapi? Nenda ukachimbe shimo."

Baba alikuja baada ya kuondoa vyombo vya chai ya asubuhi, bado amevaa aproni. Alimwinua kuku kama alivyowainua wale wa sokoni kabla ya kununua: alifungua mdomo, akatandaza mabawa, akatazama chini ya mkia. Alikuwa akitafuta kideri, ambacho siku hizo kilifagia kuku wa mtaa mzima kwa wiki moja. "Kideri hupinda shingo, na kinyesi huwa cha kijani," alisema. "Huyu amenyooka, na ni msafi." Alikwenda kuleta kisu chake, akampasua juu ya gunia. Mimi nilichuchumaa karibu nikatazama kila kitu. Mahindi ya jana yalikuwa bado kwenye gole, kile kifuko cha shingoni. Ini lilikuwa safi. Hakukuwa na yai lililokwama. Alipopasua firigisi alikuta mchanga na kipande kidogo cha sahani ya buluu ambacho ncha zake zilikuwa zimelainika.

"Hakuna kitu," alisema. Alikuwa amepasua kuku kila wiki kwa miaka kumi, lakini siku ile alinawa mikono mara mbili. "Wakati mwingine hakuna kitu, mama."

"Ndivyo walivyosema hospitalini," mama akajibu.

Baba alisimama na kisu mkononi. Mimi nilidhani wanaongea habari ya kuku.

Kuku alizikwa chini ya mti wa mforosadi, na kile kipande cha sahani nilikiweka mfukoni. Tuliporudi chumbani tulimkuta mama amekaa kwenye sanduku, sweta limevimba tumboni. Alikuwa ameyafunga mayai yote tisa kwa leso, akayazungusha kiunoni, ngozi kwa ngozi.

"Unafanya nini?" baba aliuliza.

"Zimebaki siku tatu."

"Mtu hawezi kuwa kuku."

"Zimebaki siku tatu, baba watoto. Haya nayo yasife mikononi mwangu."

Siku mbili zilizofuata mama hakuinama wala hakulala chali. Alijilaza ameegemea ukuta, na kila mara alifungua leso akayageuza mayai moja moja kama alivyomwona kuku akifanya kwa mdomo. Mimi nilichota maji na kusonga ugali, ukatoka na madonge, wakaula hivyo hivyo. Mtunza bustani alipita mlangoni kila alipopata sababu.

"Shemeji, umetaga?"

"Sogea uone nitakavyokudonoa."

Jumamosi baba alikwenda na memsahib mjini, kwenye soko kuu, na akiwa huko alimwuliza mzee aliyeuza kuku. Alirudi na jibu akalitoa neno kwa neno, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kupunguza habari. "Ameniuliza kama shingo ilipinda. Nimesema hapana. Ameniuliza kama alikohoa. Nimesema hapana. Ameniuliza kama alikuwa na umri mkubwa. Nimesema hapana. Amesema basi alikufa tu, na ameniuliza kama nataka mwingine."

Mama alitikisa kichwa. Alikuwa akitetemeka. Yale manyunyu ya Julai yalikuwa yameanza tangu asubuhi, na jiko letu la makaa tuliliweka nje kwa kuogopa hewa yake. Baba aliingiza mkono chini ya sweta, akashika yai moja, kisha akaushika mkono wa mama. Sijui ni kipi alichokiona kina baridi zaidi.

Hapa inafaa nieleze sheria ya baba. Jiko la nyumba kubwa lilikuwa lake, na kitu cha kwetu hakikuingia humo, wala cha humo hakikuja kwetu, hata chumvi. Mimi nilisimama nje ya kizingiti nikimwita. Wapishi walifukuzwa kwa sababu ya kijiko, alisema, na yeye hatafukuzwa. Jioni ile alichukua mkebe wa biskuti, akautandika soksi yake ya sufu, akayapanga mayai tisa ndani, akavuka ua kwenye manyunyu. Nilimfuata hadi kizingitini. Aliuweka mkebe kwenye kabati dogo juu ya jiko la kuni, pale alipopashia sahani joto, akaacha mlango wazi kidogo, akayashika mayai kwa mgongo wa kiganja kama mtu anayepima homa.

Jumapili asubuhi nilichora mstari wa ishirini na moja, nikaenda kusimama mahali pangu. Memsahib alikuja jikoni kutafuta chai. Alikuwa akimwaga maziwa kikombeni aliposimamisha mkono.

"Mpishi, nini hiyo?"

"Yai, memsahib."

"Yai hapana lia."

"Hii nalia, memsahib."

Memsahib alikwenda mwenyewe akafungua kabati. Baba alisimama wima, mikono pembeni, kama askari anayesubiri kusomewa kosa. Memsahib alichungulia kwa muda mrefu mpaka chai yake ikaacha kutoa moshi. Kisha akachukua kikombe.

"Jogoo hapana," alisema, akatoka.

Walitoka vifaranga watano. Mayai manne hayakufunguka, na mama aliyapeleka mwenyewe chini ya mforosadi. Baba alimletea mkebe wenye vifaranga. Mama aliwachukua mmoja mmoja, bado na unyevu, akafunga viganja juu yao, akangoja. "Wanapumua," alisema. Alisema kwa kila mmoja.

Kwa kuwa hawakumwona mama mwingine, walimfuata yeye. Alipokwenda bombani walijipanga nyuma ya visigino vyake. Mtunza bustani aliwaona akaacha kulima.

"Shemeji, umezaa watano kwa mpigo."

Nilimwona baba akigeuka haraka mlangoni mwa jiko. Lakini mama alicheka. Alicheka mpaka akaweka ndoo chini, na wale vifaranga wakajibanza kati ya miguu yake wakidhani mvua imeanza.

Wawili kati yao walikua majogoo, na mwezi wa Desemba waliwika. Sharti lilikuwa sharti. Baba alimchinja mmoja siku ya sikukuu, mwingine akampeleka kwa jamaa kule Waithaka. Mama alipika, akapakua, akaweka firigisi kwenye sahani ya baba kama kawaida. Baba aliitazama, akaichukua kwa vidole, akaihamishia kwenye sahani ya mama, juu ya mboga zake.

"Kula," alisema. "Wewe ndiye uliyeatamia."

Sijawahi kumwona mwanamume wa kwetu akifanya hivyo, kabla wala baadaye.

"Nitamlaje niliyemfunga tumboni?" mama aliuliza, na akairudisha kwake.

Baba naye hakuigusa. Ilibaki katikati ya meza ikipoa, mpaka mtunza bustani, aliyekuwa mgeni wetu siku ile, akauliza kwa heshima kama kuna mtu anaitaka.