Kaltuma na Paa la Ekerenyo

Kaltuma Gulled alizaliwa na kulelewa Kisii mjini, katika nyumba iliyo nyuma ya duka la mama yake. Mama huyo, Deka, ni mjane anayeuza vifaa vya ujenzi: nondo, mabati, misumari, mabomba ya chuma ya kila unene. Mtoto alikua akisikia vyuma vikishushwa kutoka kwenye malori asubuhi, na kabla hajajua kuandika jina lake alikuwa anaweza kumwambia mteja nondo ipi ni ipi kwa kuigusa tu. Nyumbani walizungumza Kisomali, dukani Ekegusii, na Kiswahili kilikuwa cha shuleni na cha kila mtu mwingine.

Alikuwa na mkono wa kuchora. Walimu waliliona hilo mapema, na hatimaye akapata nafasi ya kusomea usanifu wa majengo chuo kikuu Nairobi. Miaka miwili ya mwanzo ilimwendea vizuri. Michoro yake ilikuwa ikibandikwa ukutani wenzake waje kuitazama. Mwaka wa tatu wakaletewa somo la miundo ya chuma, na hapo ndipo alipokwama.

Si kwamba hakusoma. Alikesha na vitabu kama wengine. Lakini mhadhiri alipochora mstari na kuuwekea mishale, huu unavuta, huu unasukuma, Kaltuma aliona mstari na mishale, basi. Kwake chuma kilikuwa bidhaa. Kina uzito wake, kina bei yake, mvua ikikifikia kinashika kutu. Hakuelewa ni kitu gani hasa kilichokuwa kikienda huku na huku ndani yake. Katika kazi ya mwisho wa muhula alichora ukumbi wenye paa kubwa lililokalia nguzo nyembamba kama kalamu. Mhadhiri aliutazama mchoro ule kwa muda, akasema, "Ni mzuri sana. Utaanguka." Akaanguka yeye katika mtihani.

Alirudi Kisii likizo ndefu. Alimwambia mama yake kwamba anafikiria kuacha majengo ahamie upambaji wa ndani. Deka hakubishana naye. Siku ile ile alimpigia simu mteja wake wa miaka mingi, injinia Bathsheba Nyanchoka, mwenye ofisi ghorofani katika mji wa Nyamira.

"Nina binti," Deka alimwambia. "Anajua kuchora. Chuma ndicho kimemshinda."

"Aje Jumatatu," Bathsheba alijibu. "Aje na viatu vya kukanyaga matope."

Kazi aliyokuwa nayo Bathsheba wakati huo ilikuwa Ekerenyo, kaskazini mwa Nyamira, mahali ambapo majani ya chai yanakaribia kuingia barabarani. Waumini wa kanisa moja la Waadventista walikuwa wamelizidi jengo lao la zamani. Tena jengo lile lilikuwa na nguzo katikati, na watu wa safu za nyuma walikuwa wakisikiliza mahubiri huku wakitazama nguzo. Mzee wa kanisa, Nehemiah Ombui, mkulima wa chai mwenye sauti ya taratibu, alikuwa ameomba kitu kimoja tu: jengo ambalo kila mtu, popote alipoketi, atamwona mhubiri. Kwa hiyo paa lilitakiwa kuvuka mita ishirini na nne kutoka ukuta hadi ukuta bila kushikwa na chochote katikati.

Kaltuma alipofika alikuta vyuma vimepangwa juu ya nyasi. Vilikuwa vyuma vya pembe, vyenye umbo la herufi L, vya aina ile ile aliyoiona dukani maisha yake yote, vimekatwa na kutobolewa matundu karakanani, vinangoja kufungwa pamoja viwe kenchi, yaani zile pembetatu zilizoungana ambazo hubeba paa. Alivikagua kimoja kimoja. Vilikuwa vyembamba.

"Hivi ndivyo vitavuka pale?" aliuliza.

"Hivi hivi," Bathsheba alisema. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, asiyependa maneno mengi. Aliokota kipande cha chuma bapa, chembamba na kirefu, akampa. "Kivute. Tumia nguvu zako zote."

Kaltuma alishika ncha moja, Bathsheba ncha nyingine, wakavutana mpaka viatu vikaanza kuteleza kwenye nyasi. Chuma hakikujali.

"Sasa kisimamishe wima chini. Weka kiganja juu ukisukume."

Kaltuma alisukuma kidogo tu, kama mtu anayebonyeza kifuniko cha sufuria. Kile chuma kilipinda ghafla kando, kikamponyoka, akabaki ameinama na mkono hewani.

"Ni chuma kile kile," Bathsheba alisema. "Ukikivuta, kina nguvu zake zote. Ukikisukuma, kinatafuta njia ya kukukwepa. Ndiyo maana vingine pale ni vinene na vifupi na vingine ni vyembamba na virefu. Zunguka uniambie vipi vitavutwa na vipi vitasukumwa."

Kaltuma alizunguka pale asubuhi nzima. Alirudi na jibu, na jibu lilikuwa sawa: vya juu vinasukumwa, vya chini vinavutwa, vya katikati vinapokezana, kimoja hivi kingine vile. Mishale ya mhadhiri ilikuwa imetoka kwenye karatasi, ikaingia ndani ya vyuma.

"Vizuri," Bathsheba alisema. "Sasa upepo ukipanda kutoka bondeni, ukaingia chini ya mabati na kulinyanyua paa, itakuwaje?"

Kaltuma alitazama bonde. Kisha akavitazama vyuma vya chini, vile virefu alivyokuwa amesema vinavutwa.

"Vitasukumwa," alisema polepole.

"Vitasukumwa. Ndiyo maana tumeviwekea vyuma vingine vya kuvishika kando. Watu hudhani kazi yetu ni kuzuia paa lisianguke. Nusu ya kazi, huku kwetu, ni kulizuia lisiruke."

Tangu siku hiyo Kaltuma hakukosa. Alifika mapema, akaondoka na wa mwisho. Ijumaa adhuhuri aliruhusiwa kwenda kuswali, na Jumamosi hakuna aliyegusa spana kwa sababu ya Sabato, kwa hiyo wiki yao ilikuwa fupi na kila mtu aliikimbiza. Mzee Nehemiah alizoea kumwita binti wa Kisii. Alimletea ndizi, wakati mwingine alisimama nyuma yake akitazama anachoandika bila kuuliza.

Hesabu aliyokuwa akiandika alipewa na Bathsheba. Kenchi zikishawekwa juu, kabla ya mabati, kila moja ingekaa kwenye kimo fulani. Mabati yakiwekwa zingeshuka kidogo katikati kwa uzito ule. "Niambie zitashuka kiasi gani," Bathsheba alisema. "Mimi ninalo jibu langu. Nataka lako."

Jibu la kwanza la Kaltuma lilikuwa karibu nusu mita. Bathsheba alilisoma, akauma mdomo asicheke.

"Basi tuwaambie waumini waje na kofia ngumu."

Kaltuma alikuwa amechanganya vipimo katika mstari mmoja. Alianza upya. Alihesabu kila chuma kitarefuka kiasi gani au kufupika kiasi gani, maana, na hili lilimshangaza kuliko yote, chuma hurefuka kweli. Kinarefuka kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na ukikiondolea mzigo kinarudi kilipokuwa. Alijumlisha mabadiliko yote hayo madogo. Akapata milimita kumi na mbili.

Mzee Nehemiah alikuwa amesimama nyuma yake. "Kwa hivyo unasema hii paa itashuka?"

"Kidogo, mzee. Kama unene wa kidole."

"Na hiyo si mbaya?"

"Hata kile kiti ulichokalia asubuhi kilishuka ulipokalia. Kisingeshuka kisingekubeba."

Mzee alifikiri. "Hiyo sijawahi kusikia," alisema, akaenda zake akiwa bado anafikiri.

Siku ya kuinua kenchi ya kwanza watu walitoka mashambani wakaja na vikapu vyao vya chai mgongoni. Kenchi ilikuwa imefungwa ikiwa imelala chini kwa ubavu. Kreni ilipoanza kuinyanyua vile vile ilivyolala, yote ilinesa. Ncha zililegea, katikati kukabonyea, ikawa inaning'inia kama shuka lililolowa. Watu walirudi nyuma. Kaltuma mwenyewe alijiuliza kama kitu hiki kinachotetemeka ndicho walichokuwa wakikitumainia.

Bathsheba aliinua mkono. Dereva wa kreni aliivuta upande mmoja polepole, nayo kenchi ikaanza kugeuka kusimama wima. Iliposimama, kunesa kukakoma. Kukakoma kabisa, kama mtu aliyeitwa jina. Ile ile iliyokuwa shuka sasa ilikuwa imenyooka hewani mita ishirini na nne, haipindi popote, na mawingu yanaonekana kupitia pembetatu zake.

Mzee Nehemiah alikuwa ameivua kofia yake. Kaltuma alikuwa anajua sababu. Angeweza kuiandika sababu ile ubaoni: ikilala haina kina, ikisimama ina kina, na kina ndicho kinachobeba. Lakini kuijua sababu hakukumpunguzia mshangao hata kidogo. Anasema kulimwongezea. Wale wengine waliona jambo moja kubwa. Yeye aliona kila chuma kikishika zamu yake, vya juu vikisukumwa, vya chini vikivutwa, vyote kwa mara moja.

Kisha ikashushwa juu ya nguzo za ukutani, na bolti zikaingia kwenye matundu yaliyotobolewa karakanani wiki kadhaa nyuma na watu ambao hawakuwahi kufika Ekerenyo. Ziliingia zote. Moja tu ndiyo ilihitaji kugongwa.

Kenchi zote zilipokuwa juu, Bathsheba alimfundisha kutumia mashine ya kupimia usawa. Walipima asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya chai, kwa sababu jua likipanda chuma hupata joto na kutanuka, na kipimo hakiaminiki. Kaltuma aliweka alama katikati ya kenchi ya tatu, akasoma, akaandika. Baada ya hapo mafundi walipandisha mabati, wakamaliza, na asubuhi nyingine yenye baridi kama ile akaisimamisha mashine mahali pale pale.

Aliweka jicho. Akasoma. Akaondoa jicho, akalifuta kwa pembe ya mtandio wake, akalirudisha.

"Sema," Bathsheba alisema.

"Kumi na nne."

"Wewe ulisema ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Mimi pia nilisema kumi na mbili. Hizo mbili zilizozidi ni bolti zikijipanga kwenye matundu yake. Matundu huwa makubwa kidogo kuliko bolti. Hakuna anayeweza kuzihesabu vizuri hizo."

Kaltuma aliketi chini pale pale, kwenye kokoto. Bathsheba alidhani amechoka. Hakuwa amechoka. Alikuwa akitazama juu, kwenye tani zote zile za chuma na mabati, akiwaza kwamba yeye, binti wa duka la Kisii, alikuwa ameketi na kalamu na kusema kitu hiki kitashuka hapa, nacho kikashuka hapo. Hakikumjua. Hakikuwahi kuona karatasi yake. Alijaribu kumweleza Bathsheba, maneno yakakataa kupangika.

"Najua," Bathsheba alisema. Akaanza kuikunja miguu ya mashine. "Nimefanya kazi hii miaka mingi, na bado mshangao huo hunipata."

Likizo ilipokwisha Kaltuma alirudi Nairobi akaurudia mtihani. Alipita, ingawa hakuwa wa kwanza. Hilo la kuhamia upambaji halikutajwa tena. Sasa yuko mwaka wa mwisho, na ana tabia mpya inayowasumbua rafiki zake: akiingia mahali popote, kituo cha mafuta, ukumbi wa harusi, hutazama juu kwanza kabla ya kusalimia.

Lakini nyuma kidogo, kabla kanisa halijafunguliwa, alikuwa amempeleka mama yake Ekerenyo siku ya katikati ya juma. Mzee Nehemiah aliwafungulia mlango akawaacha. Viti vilikuwa havijaletwa, sakafu ilikuwa bado ikinuka saruji. Deka alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akatembea mpaka katikati, mahali ambapo katika jengo la zamani pangekuwa na nguzo. Akainua uso.

Alikuwa ameuza chuma kwa miaka yote ya utu uzima wake. Alikuwa amekipima, amekikata, amekipakia kwenye malori, hakuwahi kukifuata kilikokwenda.

"Na sasa hivi," aliuliza kwa sauti ya chini, "mle ndani, vyuma vinafanya kazi?"

"Ndiyo, hooyo," Kaltuma alimjibu mama yake. "Sasa hivi. Vyote."

"Sisikii kitu."

"Havitoi sauti."

Deka alitikisa kichwa taratibu. Kisha akamwomba binti yake amwonyeshe, kimoja baada ya kingine, kipi kinavutwa na kipi kinasukumwa, na Kaltuma akaanzia upande wa mlangoni.